Somo: Kuchora Bahari, Milima ya Mbali na Taswira Zake Majini kwa Rangi za Mafuta

Mlima huonekana kuwa mbali kwa sababu ya hewa iliyo kati yake na jicho, kwani hewa hiyo husambaza zaidi mwanga wa buluu, nao mwanga huo hutanda mbele ya mlima na kulififisha giza lake. Kwa hiyo kazi kubwa ya picha hii iko kwenye kuchanganya rangi, kabla ya brashi kugusa turubai.

Hatua ya 1. Chukua turubai lililopakwa jeso (rangi nyeupe ya msingi), piga mstari wa upeo wa macho kwa rula, juu au chini ya katikati, na uhakikishe umenyooka, kwa maana ukiinama hata kidogo bahari itaonekana kumwagika.

Hatua ya 2. Nyeupe ya titani, buluu ya ultramarini, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na oka ya manjano (manjano ya udongo) zinatosha. Ultramarini na siena zikichanganywa hutoa kijivu ambacho huonekana cha baridi buluu ikizidi na cha joto siena ikizidi. Tengeneza mafungu matatu ya kijivu hicho, na lile la mlima wa mbali kabisa liongezewe nyeupe hadi, ukifinya macho, likaribie kupotelea katika rangi ya anga. Wengi huogopa kufika hapo, na picha zao hukosa kina.

Hatua ya 3. Paka anga, kisha mlima wa mbali anga likiwa bado bichi, ukilainisha kingo kwa brashi kavu. Palipo na ukungu, kitako cha mlima kiwe hafifu kuliko kilele. Milima ya karibu ndiyo ipewe kingo kali.

Hatua ya 4. Taswira hushuka wima chini ya kitu chenyewe. Vuta rangi kutoka juu kwenda chini kwa brashi bapa, halafu pitisha brashi safi kwa mlalo, kwa mkono mwepesi, ukiifuta kila unapoinyanyua. Kwa kawaida sehemu zenye giza huonekana majini zikiwa zimefifia kidogo, na zenye mwanga zikiwa na giza kidogo. Ukitaka taswira inayotambulika, chora ghuba tulivu, kwa kuwa mawimbi makubwa huivunja kabisa.

Hatua ya 5. Rangi ikikauka, weka mng'ao wa maji kwa rangi nzito. Tabaka la juu lisiwe na mafuta machache kuliko la chini, la sivyo litapasuka.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, taswira iwe nakala kamili ya mlima?
Jibu: Hapana. Maji hutuonyesha mlima kana kwamba tunautazama kutoka chini zaidi, hivyo kilima kilicho mbele huuficha mlima wa nyuma zaidi majini kuliko juu.

Swali: Rangi ninazopaka sehemu ya maji katika picha hugeuka tope. Nifanyeje?
Jibu: Umepitisha brashi mara nyingi mno. Kwangua sehemu hiyo kwa kisu cha rangi, kisha upake upya.

Swali: Vanishi ipakwe lini?
Jibu: Kwa kawaida baada ya miezi 6 hadi 12, kwa sababu mafuta ya kitani yaliyomo katika rangi hayakauki kwa kuyeyukia hewani kama maji, hukauka kwa kufyonza oksijeni, polepole. Hali hiyo huzalisha joto, na vitambaa vyenye mafuta hayo vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Tafadhali vilowesheni majini ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko.