Siku nne Lushoto kwa laki tano: namna ya kupanga likizo ya familia bila kukopa

Kila Juni shule zinapofungwa, mimi na mume wangu tunawapeleka watoto wetu wawili Lushoto, mji wa milimani mkoani Tanga. Tunatokea Dar es Salaam, tunapanda basi la kawaida, na hatujawahi kukopa shilingi kwa ajili ya safari hiyo. Huu ndio utaratibu tunaoufuata.

Hatua ya 1: Chagua sehemu moja, ukae hapo hapo

Pesa nyingi za likizo huishia barabarani. Ukisema siku nne uone Tanga, Pangani na Lushoto, utalipa nauli kila siku na watoto watakumbuka stendi tu. Lushoto inatufaa kwa sababu yenyewe ndiyo burudani. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi na misitu, na sehemu kubwa ya kutembelea unafika kwa miguu. Wajerumani walipokuwa wakitawala waliuita Wilhelmstal, wakawa wanapanda huko kulikimbia joto la chini. Sisi wa Dar tunalijua joto hilo.

Hatua ya 2: Gawa pesa kwenye bahasha kabla ya kuondoka

Hesabu yetu ya safari iliyopita, watu wanne, siku nne, usiku tatu:

- Nauli kwenda na kurudi: 200,000
- Chumba: 90,000
- Chakula: 120,000
- Viingilio na bodaboda: 40,000
- Dharura: 50,000

Nauli hubadilika, kwa hiyo ulizia kwanza, kisha rekebisha. Ila bahasha ya nauli ya kurudi usiiguse kwa lolote. Sisi tukishashuka Lushoto, kabla hata ya kutafuta chai, tunakata tiketi za kurudi. Ukishafanya hivyo, hata pesa nyingine ikiisha yote, nyumbani utafika.

Hatua ya 3: Epuka Desemba

Desemba njia hii inajaa watu wanaopanda Kilimanjaro kula Krismasi, nawe unagombania siti nao hadi Mombo, pale njia ya Lushoto inapoacha barabara kuu. Machi hadi Mei ni masika, njia za milimani zinateleza. Juni na Julai ni wakati mzuri, lakini baridi ni kali kweli. Masweta usinunue dukani. Nenda mitumba ya Ilala wiki mbili kabla, pekua bila haraka, na mwaka kesho yatawafaa tena.

Hatua ya 4: Ulizia chumba kwa simu, lipa ukishakiona

Hapa niliumia. Mwaka mmoja nilituma pesa yote kwa simu, nikaahidiwa maji ya moto. Tulipofika bomba lilitoa maji kama ya barafu, mtoto alikuwa na mafua, na pesa haikurudi. Nililia usiku ule. Siku hizi natuma kidogo tu cha kushikia chumba, na nikifika nafungua bomba mwenyewe nisubiri hadi mkono uhisi joto. Omba chumba kimoja chenye kitanda kikubwa na godoro la ziada, kisha hesabu mablanketi. Mawili kwa kila kitanda ndiyo kiasi.

Hatua ya 5: Beba chakula cha njiani

Mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, chupa ya chai. Basi likisimama kwenye hoteli za njiani, chipsi za watu wanne zinamaliza chakula cha siku nzima. Ukifika Mombo, basi linaacha barabara kuu na kuanza kupanda, zaidi ya kilomita 30 za kona kali. Usiwalishe watoto kabla ya hapo. Wape kipande cha tangawizi watafune, wakae mbele, na mfuko wa kutapikia uwe mkononi. Mkipita Soni, waonyeshe maporomoko ya maji. Hayo mnayaona dirishani bure.

Ukishafika, kula kwa mama ntilie. Karoti, kabichi na viazi vinalimwa hapo hapo, na wali maharage wa moto kwenye baridi ile una utamu wake.

Hatua ya 6: Panga jambo moja tu kwa siku

Siku ya pili tunakwenda Irente kwa miguu, kilomita chache kutoka mjini, tukipita vijijini na kuamkiana na Wasambaa wanaotoka shambani. Njiani kuna shamba la Irente wanakouza jibini na jemu. Tunanunua kidogo na mkate, tunakula tukiwa tumekaa. Pale ukingoni ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge na barabara kuu, mabasi madogo kama viberiti. Watoto wetu walikaa karibu saa nzima wakiyahesabu. Washike mikono, ni korongo lile.

Siku ya tatu ni msitu wa Magamba. Beba kitambulisho cha NIDA, maana raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni.

Hatua ya 7: Jioni ya mwisho, pitia sokoni

Kama bahasha ya dharura haikuguswa, nunua kiroba cha viazi na karoti. Mpe konda akiweke buti asubuhi, umwandikie jina juu. Nusu ni yenu, nusu ya jirani aliyewalishia kuku.