Namna ya Kusoma Mahame ya Kale kwenye Uwanda wa Dartmoor

Uwanda wa juu wa Dartmoor, katika kaunti ya Devon kusini-magharibi mwa Uingereza, una misingi ya nyumba za duara za Zama za Bronzi inayohesabika kwa maelfu, na pamoja nayo yapo mahame ya wakulima wa Zama za Kati. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuyatambua na kuyawekea kumbukumbu bila kuchimba.

Hatua ya kwanza ni kuchagua wakati. Nenda majira ya baridi, kangaga zikiwa zimekauka na kulala chini, na ufike asubuhi au alasiri, kwa sababu jua lililo chini hutia kivuli hata kwenye tuta la kimo cha kiganja. Ukielekea kaskazini mwa uwanda, angalia kwanza ratiba ya jeshi, kwani bendera nyekundu zikipandishwa viwanja vya shabaha hufungwa.

Hatua ya pili, tazama umbo. Msingi wa duara kwa kawaida ni wa kale zaidi. Pita polepole kando ya ukuta ukitafuta pengo lenye mawe mawili yaliyosimama kama miimo: huo ndio mlango, na mara nyingi huelekea kusini au kusini-mashariki, upepo wa magharibi usiingie. Pa kujifunzia ni Grimspound, penye misingi 24 ndani ya ukuta mmoja mkubwa; baadhi ya milango yake ina kibaraza kilichopinda cha kukinga upepo. Usiamini sana kimo cha kuta zake, maana waliopachimba mwaka 1894 walijenga upya baadhi ya sehemu.

Hatua ya tatu ni msingi wa mstatili, nao ndio unaohitaji subira. Huko Hound Tor, kijiji kilichohamwa mwishoni mwa Zama za Kati, nyumba ndefu zimelazwa kufuata mteremko: watu waliishi upande wa juu na ng'ombe upande wa chini, ili mkojo na samadi visiwafikie wenye nyumba. Simama kati ya milango miwili inayotazamana, kisha elekea chini utafute mfereji sakafuni. Ukiuona, umeshajua zizi lilikuwa wapi. Tafuta pia tanuri za kukaushia nafaka, ambazo zinaeleza hali ya hewa ya huko kuliko maneno mengi.

Hatua ya nne ni kupanga mfuatano wa kuta. Safu ndefu za mawe zinazopanda na kushuka vilima ni mipaka ya mashamba iliyowekwa yapata mwaka 1500 KK. Pale kuta mbili zinapokutana, chunguza ipi imepanda juu ya nyingine, maana iliyo juu ndiyo changa. Tahadhari: malundo ya wachimba bati na matuta marefu ya kufugia sungura huwachanganya wengi, nami huyaondoa kwenye hesabu kabla ya jambo lolote.

Mwisho, chora ramani ndogo, andika mwelekeo kwa dira, pima kipenyo kutoka uso wa ndani wa ukuta hadi uso wa ndani wa upande wa pili, na upige picha yenye kijiti cha kipimo. Jiwe lisisogezwe: sheria ya mwaka 1979 inafanya uharibifu wa mahali palipohifadhiwa kuwa kosa, na kutumia kifaa cha kutafutia metali hapo bila kibali ni kosa pia. Kisha linganisha ulichopata na kumbukumbu za mamlaka ya hifadhi ya Dartmoor, na kama hakimo, wapelekee mchoro pamoja na majira ya nukta, yaani namba za ramani zinazoonyesha mahali hasa.