Kunasa wadudu na kuokota vitu adimu kwenye kisiwa cha kusini

Ukianza gemu ya Animal Crossing: New Horizons unaulizwa kisiwa chako kiwe upande gani wa dunia, kaskazini au kusini. Mimi naishi Tanga, nikachagua kusini, maana nataka Januari ya kwenye gemu iwe ya joto kama hii ya kwetu. Sasa shida ni kwamba miongozo mingi inahesabu miezi ya kaskazini. Unaambiwa tarantula hutoka Novemba hadi Aprili, unakesha Desemba nzima na wavu mkononi, hata kivuli chake hukioni. Kwetu kusini tarantula ni wa Mei hadi Oktoba, na nge ndiye wa Novemba hadi Aprili. Kanuni ni moja tu: ukisoma mwezi wa kaskazini, sogeza miezi sita. Saa za siku hazibadiliki.

Tarantula na nge hutembea kuanzia saa 1 usiku hadi saa 10 alfajiri, na dukani kila mmoja ni Bells 8,000 (Bells ndiyo pesa ya kwenye gemu). Ukimwona kwa mbali, simama hapo hapo. Toa wavu, bonyeza kitufe cha A na usikiachie. Mhusika wako atainama na kuanza kunyata. Nenda hatua chache. Mdudu akijinyanyua kwa hasira, ganda, usiguse joistiki hata kidogo. Akitulia, nyata tena. Wavu ukishaweza kumfikia, achia A. Ukisogea wakati amejinyanyua atakufukuza, na akikuuma unazimia na kuzinduka mbele ya nyumba yako. Mpwa wangu ana miaka tisa na ni fundi wa kazi hii kuliko watu wazima ninaowajua, kwa sababu hana haraka. Anahesabu kwa sauti ya chini, "moja, mbili, tatu," mpaka mdudu atulie, ndipo anasogea.

Kutokuwa na haraka huko ndiko kunakolipa Januari na Februari, miezi ya mbawakawa wakubwa wa kwenye minazi. Hawa ndio utajiri wa gemu: Horned Hercules, Golden Stag na Giraffe Stag ni Bells 12,000 kila mmoja, na wanatoka saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi. Ni waoga kupita kiasi. Ukikimbia tu ufukweni wameshapaa kabla hujawaona. Kwa hiyo tembea polepole, na ukiona kitu cheusi kwenye shina, anza kunyata ukiwa bado mbali. Akitikisika, simama. Mnazi hauoti popote ila kwenye mchanga, basi panda nazi zako mapema kandokando ya ufuo, uache nafasi ya kutosha kupita kati ya mti na mti.

Nyigu ni mambo mengine kabisa, hapo unahitaji wepesi. Kila siku kuna viota vitano vimejificha kwenye miti ya kisiwa. Kabla hujatikisa mti wowote, shika wavu kwanza, kisha simama upande wa mbele wa mti, ule unaokutazama wewe mchezaji. Tikisa. Kiota kikianguka, mhusika anageuka mwenyewe kuwaelekea nyigu; hapo hapo bonyeza A. Utapata nyigu wa Bells 2,500, na kiota chenyewe kiokote, maana kiota kimoja na majani matatu ya magugu vinatosha kutengeneza dawa. Usiache kutikisa baada ya kupata nyigu wote watano: kila siku miti huangusha pia samani mbili, na watu wengi hawazioni kwa kuogopa nyigu.

Wavu huo huo unakusanya vitu vya msimu, na hapa kalenda ya kusini ni muhimu kuliko mahali pengine popote kwa sababu siku ni chache. Petali za cheri zinapeperuka tarehe 1 hadi 10 Oktoba tu. Majani mekundu ya mepo ni 16 hadi 25 Mei. Chembe za theluji zina nafasi zaidi, kuanzia 11 Juni hadi 24 Agosti. Zinapita hewani zikiyumba. Zifuate taratibu na uzipige wavu kama kipepeo. Kusanya nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, kwani maelekezo ya kutengenezea vitu vya msimu huja kwenye maputo, na unaweza kuyapata siku ya mwisho huna petali hata moja. Manati ya kutungulia maputo ikae mfukoni muda wote.

Vipande vya nyota vinahitaji usiku wa anga safi. Ukimkuta Celeste, yule bundi, akizunguka kisiwani, zungumza naye; hukupa maelekezo ya vitu vya nyota. Usiku wa vimondo, weka zana zote mfukoni, inua joistiki ya kulia utazame juu, na kila kimondo kikipita bonyeza A. Kesho yake zunguka ufukweni zaidi ya mara moja, kwa sababu vipande haviji vyote kwa pamoja.

Ukiwa hapo ufukweni okota chupa yenye ujumbe, huja moja kila siku. Ukimkuta Gulliver, yule ndege baharia, amelala mchangani, mwamshe, kisha chimba panaporuka maji mpaka upate vipande vitano vya simu yake. Zawadi huja kwa posta kesho yake.

Kuhusu kuuza: mdudu wa kwanza wa kila aina mpelekee Blathers wa makumbusho, usimuuze hata kama ana bei. Wadudu wote wako 80, na ukiwakamilisha unapata maelekezo ya wavu wa dhahabu. Wanaobaki usiwatumbukize kwenye sanduku la nje ya duka usiku, linalipa asilimia 80 tu ya bei. Waweke chini nje ya nyumba yako, wanakaa kwenye vizimba vyao bila kutoroka, umsubiri Flick, yule kinyonga. Yeye hulipa mara moja na nusu: tarantula wa 8,000 anakuwa 12,000.