Jinsi ya Kusoma Nafasi ya Soko la Redio Marekani Uchumi wa Eneo Unapoporomoka

Kiwanda kikubwa kikifungwa Ohio au Michigan, watu wa redio huuliza mara moja: soko letu litashuka nafasi ngapi? Jibu lipo, ila huchelewa, na mara nyingi halisemi kile ambacho muulizaji anataka kukijua. Nafasi ya soko katika orodha ya Nielsen Audio, kampuni inayopima usikilizaji wa redio, iliyokuwa ikiitwa Arbitron hadi Nielsen ilipoinunua mwaka 2013, hupangwa kwa kigezo kimoja: idadi ya watu wenye umri wa miaka 12 na zaidi wanaoishi ndani ya mpaka wa soko. Mishahara haimo, mauzo ya maduka hayamo, wala fedha za matangazo. Anguko la uchumi huifikia orodha hiyo kwa njia mbili tu: watu kupungua, au mpaka wa soko kuchorwa upya.

Kabla ya hesabu yoyote, hakikisha unajua unazungumzia orodha gani. Ya kwanza ni hiyo ya masoko kwa idadi ya watu. Ya pili ni nafasi ya kituo ndani ya soko lake, inayotokana na usikilizaji. Ya tatu ni ya mapato ya matangazo kwa kila soko, ambayo hukadiriwa na kampuni kama BIA. Soko linaweza kubaki palepale katika orodha ya kwanza huku likiporomoka katika ya tatu, na hilo ndilo jambo la kawaida katika eneo linalodidimia. Anayetumia nafasi ya soko kama ushahidi kwamba "hali si mbaya" anachanganya vichwa na mifuko.

Hesabu watu wa soko, si watu wa mji

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kutumia idadi ya watu wa mji wenyewe. Soko la redio hujengwa kwa kaunti nzima nzima, na mara nyingi hujumuisha vitongoji ambavyo ndiko waliohama mjini walikokwenda. Angalia Detroit: kati ya sensa ya 2000 na ya 2010, mji ulishuka kutoka watu 951,270 hadi 713,777, yaani robo nzima ilitoweka. Katika miaka hiyohiyo, eneo zima la jiji na kaunti zake lilitoka 4,452,557 hadi 4,296,250, pungufu ya asilimia 3.5 tu. Aliyetabiri anguko la soko kwa kutazama mitaa mitupu ya mjini alikosea kwa mbali sana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua orodha ya kaunti zinazounda soko lako. Kwa kila kaunti, pakua makadirio ya kila mwaka ya Ofisi ya Sensa yaliyogawanywa kwa umri. Majedwali mengi huja kwa vikundi vya miaka mitano, kwa hiyo kupata watu wa miaka 12 na zaidi, toa kikundi cha 0–4, toa cha 5–9, kisha toa mbili kwa tano ya kikundi cha 10–14 (wale wa miaka 10 na 11). Jumlisha kaunti zote. Hutapata tarakimu ileile ya Nielsen, kwa sababu wao wana makadirio yao wenyewe, lakini mwelekeo utauona.

Usisahau jedwali la vyanzo vya mabadiliko: waliozaliwa, waliokufa, waliohama na kuhamia ndani ya nchi, waliohamia kutoka nje ya nchi. Hilo ndilo linalotenganisha anguko la uchumi na mambo mengine. Kaunti inayopoteza watu kwa sababu vifo vimezidi uzazi ni kaunti iliyozeeka. Inayopoteza watu kwa uhamaji wa ndani, hasa wa vijana, ndiyo inayokimbiwa na kazi.

Tazama wenzako kwenye orodha

Nafasi ni jambo la kulinganisha. Soko hushuka bila kupoteza hata mtu mmoja, iwapo walio chini yake wanakua haraka. Mfano safi ni Cleveland, Ohio, na Austin, Texas. Kwa sensa ya 2010, eneo la Cleveland lilikuwa na watu 2,077,240 na la Austin 1,716,289. Mwaka 2020 Cleveland ilikuwa na 2,088,251, imeongezeka kidogo. Austin ilifika 2,283,371 na kuipita. Cleveland haikuanguka kwa idadi, ilisimama tu wakati wengine wakikimbia.

Kwa hiyo andika soko lako katikati ya jedwali, weka masoko matano ya juu yake na matano ya chini yake, na kwa kila moja andika watu wa miaka 12 na zaidi na wastani wa ukuaji wa mwaka kwa miaka mitano. Gawanya pengo lililopo kati yako na wa chini kwa tofauti ya ukuaji. Pengo likiwa watu 9,000, wewe unapoteza 1,000 kwa mwaka na mwenzako anaongeza 2,000, utapitwa baada ya miaka mitatu hivi. Juu ya orodha mapengo ni mapana na nafasi hubadilika polepole. Chini, masoko hubanana kiasi kwamba badiliko dogo la watu huweza kusogeza nafasi, na kushuka kwa namna hiyo hakuna maana yoyote ya kiuchumi.

Mpaka: sehemu inayowapotosha hata wazoefu

Mipaka ya masoko ya redio kwa kawaida hufuata maeneo ya miji yanayotangazwa na OMB, ofisi ya usimamizi na bajeti iliyo chini ya rais, ingawa Nielsen ina masoko yanayotofautiana nayo. Kanuni kuu ya OMB ni ya safari za kazini: kaunti ya pembeni huingizwa ikiwa angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wanaoishi humo huenda kufanya kazi katika kaunti za katikati, au angalau asilimia 25 ya kazi zake hufanywa na watu wanaotoka katikati.

Hapo ndipo uchumi unapoingia kwa mlango wa nyuma. Kazi za katikati zikifa, safari za kutoka pembeni hupungua, na kaunti iliyokuwa kwenye asilimia 27 inaweza kushuka hadi 23 na kutolewa. Kinyume chake pia hutokea: kazi za kaunti ya pembeni zikifa, wakazi wake hulazimika kusafiri hadi jiji la jirani, nayo huunganishwa nalo. Jiji hilo "hukua" kwa sababu jirani yake amefilisika.

Tangazo la OMB la Julai 2023 linaonyesha ukubwa wa athari hii. Kaunti ya Ashtabula iliongezwa kwenye eneo la Cleveland, na hesabu ya sensa ya 2020 ikatoka 2,088,251 hadi 2,185,825 bila mtu yeyote kuhama. Youngstown, pia ya Ohio, ilipoteza kaunti ya Mercer iliyoko Pennsylvania, na eneo lililokuwa la watu 541,243 likawa la 430,591. Kila unapolinganisha miaka miwili, chukua kaunti zilezile kwa miaka yote miwili. Usipofanya hivyo, hujui kama unapima anguko au unapima kalamu ya mchora ramani.

Ukitaka mfano usio na tatizo la mpaka, tazama Puerto Rico, ambayo hupimwa kama soko moja. Vivutio vya kodi kwa viwanda vilifikia kikomo mwaka 2006, deni likalipuka, kisha kimbunga Maria kikapiga Septemba 2017. Watu walishuka kutoka 3,725,789 mwaka 2010 hadi 3,285,874 mwaka 2020. Kisiwa hakina kaunti ya jirani ya kuongeza, hivyo upungufu wote unaonekana wazi.

Mfuatano wa athari

Fedha hutangulia, watu hufuata. Kwanza wauzaji wa magari na samani, pamoja na mikahawa, hupunguza matangazo, wakati mwingine ndani ya robo moja ya mwaka. Kisha usikilizaji hubadilika, kwa sababu asiye na kazi haendeshi gari asubuhi na jioni, na hizo ndizo saa zenye bei. Watu huanza kuhama baadaye, wakishamaliza akiba au wakishauza nyumba. Makadirio ya sensa hupiga picha ya Julai 1, na ya kaunti hutoka mwaka unaofuata. Nielsen nayo husasisha idadi zake mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo nafasi ya soko inaweza kuwa nyuma ya tukio kwa miaka miwili au zaidi. Kampuni ya chuma ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Campbell Septemba 19, 1977. Mji wa Youngstown uliendelea kupungua kwa miongo kadhaa, hadi watu 60,068 mwaka 2020.

Ukitaka dalili za mapema, fuatilia takwimu za ajira za kaunti kutoka ofisi ya takwimu za kazi (za ukosefu wa ajira hutoka kila mwezi, za ajira na mishahara kila robo mwaka), pamoja na mapato ya mkazi wa kawaida. Hizo zitakwambia kuhusu mkoba wa mtangazaji kabla orodha haijasogea.

Kituo kinapopanda huku kikipoteza wasikilizaji

Chukua soko la watu 400,000. Katika robo saa ya wastani, 30,000 wanasikiliza redio, na 1,840 wako kwenye kituo chako. Mgawo wako, yaani asilimia ya wanaosikiliza redio walio kwako, ni 6.1. Kiwango chako, yaani asilimia ya watu wote wa soko, ni 0.46, na kwa kuwa huandikwa kwa desimali moja, kinasomeka 0.5.

Sasa uchumi umeanguka. Watu ni 380,000, wanaosikiliza ni 26,600, wako ni 1,700. Mgawo umepanda hadi 6.4, na pengine umepanda na nafasi mjini. Lakini kiwango ni 0.447, kinasomeka 0.4. Wakala wa matangazo anayelipa dola 20 kwa kila pointi moja ya kiwango alikupa dola 10 kwa tangazo. Sasa atakupa 8. Umepoteza asilimia 20 ya bei kwa upungufu wa wasikilizaji usiofika asilimia 8, na bango ukutani linasema umeshinda. Muulize meneja mauzo akuonyeshe watu halisi, si mgawo peke yake.

Umri huzidisha tatizo. Wengi wa wanaohama ni watu wa umri wa kazi, wakiwemo wa miaka 25 hadi 54, kundi ambalo mawakala hulinunua zaidi. Wanaobaki ni wazee, hivyo vituo vya habari na mazungumzo na vya muziki wa zamani huweza kupanda katika hesabu ya jumla bila mapato kufuata. Soma kila safu ya umri peke yake.

Na usiruke kwenye hitimisho kutokana na ripoti moja. Nje ya masoko makubwa yanayotumia kifaa cha kuvaliwa cha PPM, usikilizaji hupimwa kwa shajara ya siku saba. Sampuli ya kundi la 25–54 ikiwa shajara 150 zinazowakilisha watu 120,000, kila shajara inabeba watu 800 kwa wastani. Familia moja inayopenda kituo chako ikiingia au kutoka, ripoti inatikisika. Tumia wastani wa ripoti mbili angalau, nne ikiwezekana.

Athari za kisheria

Kushuka nafasi kwenyewe hakubadilishi idadi ya vituo ambavyo mmiliki mmoja anaruhusiwa. Kinachobadilisha ni idadi ya vituo sokoni: kanuni zilizotokana na sheria ya mawasiliano ya 1996 huruhusu vituo 8 penye 45 au zaidi, 7 penye 30 hadi 44, 6 penye 15 hadi 29, na 5 penye 14 au pungufu, pamoja na mipaka ya ziada kwa AM na FM. FCC, tume ya mawasiliano, hutumia mipaka ya Nielsen kuhesabu. Kwa hiyo katika soko lenye vituo 45 kamili, fuatilia vituo dhaifu vya AM vilivyozimwa: kituo kikikaa kimya miezi 12 mfululizo, leseni yake hukoma kisheria, hesabu hushuka hadi 44, na anayepanga kununua kituo cha nane atakuta mlango umefungwa. Kagua hifadhidata ya FCC kabla ya kusaini mkataba wowote, ukizingatia tarehe ambayo kila kituo kilizima mtambo.