Dar hadi Mwanza kwa ndege: piga hesabu ya umbali na muda mwenyewe

Nakata tiketi za ndege Kariakoo. Mteja akishauliza bei, linalofuata ni: "Kaka, Mwanza mwendo gani?" Angani ni kilomita 850 hivi. Kwa barabara, kupitia Dodoma na Singida, ni zaidi ya 1,100.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Fungua ramani ya simu, bonyeza juu ya kiwanja cha Julius Nyerere mpaka zitokee namba za latitudo na longitudo, kisha fanya hivyo kwa kiwanja cha Mwanza. Latitudo zinapishana digrii 4.4 hivi, longitudo 6.3. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kila digrii ihesabu kilomita 111: unapata 488 kwenda kaskazini na 699 kwenda magharibi. Halafu ni ile Pythagoras ya sekondari: zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Inakuja 852. Safari ya London usiipigie hesabu hivi. Kule juu longitudo zinabanana, utapotea.

Muda sasa. Jeti ipe kilomita 800 kwa saa, ndege ya panga boi 650. Gawanya umbali kwa mwendo huo, kisha ongeza dakika 20 za kupanda, kushuka na kuzunguka uwanjani. Jeti itakutoa saa moja na dakika 25 hivi, panga boi saa moja na dakika 40.

Uliza pia kama ndege ni ya moja kwa moja. Ikipitia Kilimanjaro, umbali unakuwa kama kilomita 920, nyongeza ya 70 tu. Ila itatua, wengine watashuka, wengine watapanda, mizigo itapakuliwa. Ongeza saa nzima. Kama tofauti ya bei ni ndogo, mimi nakushauri uiache.

Lakini muda wa angani ndio unaosumbua kidogo kuliko yote. Chukua mtu wa Tegeta mwenye tiketi ya 14:20, yaani saa nane na dakika ishirini mchana. Awe kiwanjani saa mbili kabla. Njia yake ni Mwenge, Ubungo, Tabata, Buguruni, TAZARA, na Barabara ya Mandela ina malori ya bandarini yasiyojua kwamba wewe una ndege. Namwambia atoke nyumbani saa nne asubuhi. Akitua Mwanza atasubiri begi, kisha Pasiansi, Kirumba, mpaka mjini. Akifika saa kumi na robo tatu jioni amefanya vizuri. Safari nzima imekula karibu saa saba, na angani hakukaa hata mbili.

Tiketi za usiku wa manane ndizo za kuangaliwa zaidi. Ikiandikwa 00:40 tarehe 15, unatoka nyumbani tarehe 14 jioni. Za namna hiyo huwa naziandika juu kwa peni nyekundu: saa ya Kiswahili, na chini yake siku ya kutoka nyumbani.