Jinsi ya Kuandaa Harusi katika Jumba la Kale la Venice

Anayetaka kufanya harusi katika jumba la kale la Venice aanze na mlango wa majini. Kamati nyingi huanza na maua, rangi za vitambaa na keki, na suala la namna vitu hivyo na wageni watakavyofika mlangoni huachwa hadi siku za mwisho. Majumba haya yalijengwa na matajiri wa biashara ambao bidhaa na wageni wao waliingia kwa mashua, na mpaka leo hakuna gari linalopita ndani ya mji: barabara inaishia Piazzale Roma, na kutoka hapo kila kitu, kuanzia meza na viti hadi bibi harusi mwenyewe, huenda kwa maji au kwa miguu. Kwa hiyo mwongozo huu unatoka majini na kuingia ndani, na jumba nililolichukua kuwa mfano ni Palazzo Papadopoli, ambalo leo ni hoteli ya Aman Venice.

Jumba hilo liko mtaa wa San Polo, ukingoni mwa Mfereji Mkuu, si mbali na daraja la Rialto. Lilijengwa katika karne ya 16 kwa ajili ya ukoo wa Coccina, kwa ramani ya Gian Giacomo de' Grigi, na mwaka 1864 lilinunuliwa na ndugu wa ukoo wa Papadopoli, ambao jina lao limedumu. Hoteli ilifunguliwa mwaka 2013 ikiwa na vyumba 24 tu, na hiyo ndiyo namba ya kwanza ya kuandikwa kwenye daftari la kamati. Harusi ya kadi 300 tuliyoizoea haiingii hapa. Ni afadhali kukubali mapema kwamba watakaosafiri ni ndugu wa karibu na marafiki wachache, na kwamba majirani, wafanyakazi wenzetu na wote waliotoa michango wataandaliwa tafrija yao nyumbani kuliko kuwaalika watu kisha kuwaomba radhi.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, amueni ndoa yenyewe itafungwa wapi. Hoteli inakodisha ukumbi, lakini mamlaka ya kuandikisha ndoa ni ya manispaa. Mwigizaji George Clooney na mwanasheria Amal Alamuddin walifanya sherehe yao katika jumba hili tarehe 27 Septemba 2014, lakini taratibu za kiserikali walizikamilisha siku mbili baadaye Ca' Farsetti, makao ya manispaa ya Venice. Mgeni anayetaka ndoa ya kiserikali Italia huhitaji hati ya kuthibitisha kwamba hana kizuizi, inayoitwa nulla osta. Kwa Mtanzania au Mkenya hati hiyo hutolewa na ubalozi wa nchi yake ulioko Roma, kisha huhalalishwa katika ofisi ya Prefettura, yaani ofisi ya serikali kuu katika mkoa. Wanatakiwa mashahidi wawili, na mkalimani ikiwa mmoja wenu haelewi Kiitaliano. Mwanamke aliyeachwa au kufiwa na mume anapaswa pia kuuliza mapema kuhusu kanuni ya siku 300, ambayo inaweza kumzuia kuolewa tena kabla ya muda huo kupita. Kwa Waislamu, nikaha inaweza kusomwa jumbani, lakini kwa kawaida peke yake haitambuliwi na sheria ya Italia. Ushauri wangu, ambao ninausimamia bila kusita, ni kufunga ndoa nyumbani, mbele ya kadhi, padri, mchungaji au msajili, na kwenda Venice kwa sherehe tu, kwa sababu hati moja iliyokosewa jina inaweza kuharibu safari ya ukoo mzima.

Viza za Schengen zinaruhusiwa kuombwa miezi 6 kabla ya safari, wala zisisubiri zaidi ya hapo. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na kila mwombaji lazima awe na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Waombaji wote wa ukoo wabebe barua ya hoteli yenye tarehe zilezile.

Sasa turudi majini. Wasomaji wa pwani wana faida hapa, maana kupwa na kujaa hawahitaji kuelezwa. Wangwa wa Venice una maji yanayopanda na kushuka mara mbili kwa siku, na majira ya bamvua, hasa kuanzia Oktoba hadi Januari, upepo wa kusini ukisukuma bahari, mji hufurika. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187 kwa kipimo rasmi cha mji, ambacho hakianzii kwenye sakafu ya barabara. Tangu Oktoba 2020 mji unakingwa na malango ya chuma yaitwayo MOSE, yanayoinuliwa maji yanapotabiriwa kufika takriban sentimita 110, na hatari ya mafuriko makubwa imepungua sana. Hata hivyo, kwa harusi yenu jambo la kila siku lina uzito kuliko mafuriko ya nadra. Maji yakijaa, boti haziwezi kupita chini ya baadhi ya madaraja ya mifereji midogo. Yakipwa, ngazi za chini za mlango hufunuka, na mawe yake yana mwani wa kijani unaoteleza kama mlenda.

Chukueni basi utabiri wa Centro Maree, ofisi ya manispaa inayofuatilia maji, na pangeni saa ya kuwasili kwa kuufuata. Bibi harusi avae viatu visivyo na kisigino hadi afike sakafuni. Gauni likusanywe lote upande mmoja na kushikwa na msimamizi wake. Na anapovuka ukingo wa boti ashike mkono wa baharia karibu na kiwiko, kwa kuwa vidole huponyoka. Wekeni mtu mlangoni mwenye taulo kavu, ambaye kazi yake ni kupangusa jiwe la kukanyagia baada ya kila boti.

Hesabu ya boti nayo ifanywe kwa kalamu. Teksi ya maji kwa kawaida hubeba abiria 10, hivyo wageni 60 ni boti 6, na zikiteremsha abiria moja moja, kila moja dakika 5, nusu saa nzima inakwisha mlangoni. Boti ya wazee na ya wenye mikongojo itangulie, isiachwe ikiyumbayumba nje huku vijana wakipigwa picha.

Ndani, jumba la Venice lina mpangilio wake. Chini, usawa wa maji, ni ukumbi uliokuwa wa bidhaa. Juu yake ni ghorofa ya heshima, yenye ukumbi mrefu uitwao portego unaopita katikati ya nyumba, na vyumba pande zote mbili. Meza moja ndefu hukaa vizuri humo kuliko meza za duara, kwa sababu ukumbi wenyewe ni mrefu na madirisha yake yako mwishoni, kuelekea mfereji. Dari zina nakshi na michoro ya karne ya 18, na sheria ya Italia ya urithi wa utamaduni hulinda majengo ya namna hii, kwa hiyo mpambaji wenu asilete msumari, gundi wala moshi. Taa zisimame sakafuni na maua yakae mezani. Kabla ya kutia saini ombeni kwa maandishi kanuni za mishumaa, uzito wa vifaa vya muziki na saa ya kuzima spika, na ulizeni nani atakayelipia kibali cha muziki cha SIAE, shirika la hakimiliki la Italia, kinachohitajika hata kwa harusi ya faragha. Ulizeni pia kama bei imejumuisha kodi, ambayo ni asilimia 10 kwa malazi na chakula, lakini kiwango cha kawaida cha huduma nyingine ni 22.

Mwezi niupendao ni Mei, au mwisho wa Septemba. Jumapili ya kwanza ya Septemba kuna mashindano ya Regata Storica katika Mfereji Mkuu wenyewe, na Jumamosi ya sikukuu ya Redentore, katikati ya Julai, mji mzima uko majini ukingojea fataki. Siku hizo boti ni za kugombania.

Kwa zawadi za wageni, chagueni shanga za kioo za Murano, kisiwa kilicho jirani na Venice. Katika karne ya 19 shanga za Venice zilishushwa Zanzibar na kubebwa na misafara hadi bara, na bibi aliyekulia na ushanga kiunoni atafurahi kuona ulikotoka.

Boti za kurudi zilipiwe siku ileile mnapolipia za kuja, saa zikiandikwa kwenye mkataba, na boti ya mizigo ya mpambaji ipewe zamu ya mwisho, wageni wote wakishaondoka mlangoni.