Kukunja bamba nene la chuma kwa presi ya tani 20 na kitanda cha kuunda mwenyewe

Presi ya tani 20, ambayo karakana nyingi huinunua kwa ajili ya kutoa na kuingiza beringi, inaweza kukunja bamba la milimita 10 lenye upana wa sentimita 20 hadi nyuzi 90 bila moto, mradi kifaa cha kukunjia kiwe kimeundwa kwa vipimo sahihi. Mimi hukitumia kifaa hicho kutengenezea mabano ya springi za tela za trekta. Kina sehemu mbili: kisu, kinachoshuka pamoja na pistoni ya jeki, na kitanda, kinacholipokea bamba kutoka chini.

Kabla ya kukata chochote, achana na engo, yaani chuma cha pembe. Mafundi wengi, nami nilikuwa mmoja wao, huchukua chuma cha pembe, hukichomelea juu ya chaneli (chuma chenye umbo la U) uwazi wake ukitazama juu, na kudhani wameshapata kitanda. Tatizo ni kwamba pembe yake ni nyuzi 90 kamili, ilhali chuma laini kikishakunjwa hurudi nyuma nyuzi 1 hadi 2 mara tu shinikizo linapoondolewa. Bamba lililokandamizwa hadi likagusa kuta zote mbili za engo litatoka na nyuzi 91 au 92, na hapatakuwa na nafasi ya kulisukuma zaidi. Ukiendelea kupiga pampu, utakuwa unaitanua engo yenyewe. Kitanda kinachofaa ni reli mbili zenye nafasi tupu katikati, ili bamba liweze kushuka kupita nyuzi 90 na kisha lirudi palipotakiwa.

Hatua ya 1: Kokotoa uwazi na nguvu

Uwazi ulio kati ya reli mbili ndio unaoamua karibu kila kitu. Anza na uwazi ulio mara 8 ya unene wa bamba: milimita 48 kwa bamba la milimita 6, na milimita 80 kwa bamba la milimita 10. Nusukipenyo ya ndani ya mkunjo itakuwa takriban moja ya sita ya uwazi huo, na ubavu (upande mmoja wa bamba kuanzia kwenye kona) mfupi kabisa unaoweza kuukunja ni asilimia 70 ya uwazi. Ukijaribu ubavu mfupi zaidi ya hapo, ncha yake itateleza kwenye reli na kutumbukia katikati.

Nguvu hukokotolewa hivi: zidisha 1.42 kwa nguvu ya mvutano ya chuma, yaani kiasi cha kuvutwa inachoweza kuhimili kabla ya kukatika (kwa chuma laini mimi huchukua nyutoni 450 kwa milimita ya mraba ili nisijidanganye), kisha kwa kipeo cha pili cha unene, kisha kwa urefu wa mkunjo, halafu gawanya kwa uwazi, vipimo vyote vikiwa katika milimita. Kwa bamba la milimita 10, mkunjo wa milimita 200 na uwazi wa milimita 80, jibu ni nyutoni 159,750, yaani takriban tani 16.3. Ukipanua uwazi hadi milimita 100, hitaji linashuka hadi tani 13, ingawa kona itakuwa ya duara zaidi. Angalia pia kwamba unene huingia katika hesabu mara mbili: bamba likiongezeka unene kidogo, nguvu inapanda sana. Hesabu ikikuletea zaidi ya tani 18, punguza urefu wa mkunjo au panua uwazi. Usirefushe mkono wa pampu kwa kipande cha bomba.

Hatua ya 2: Unda kitanda

Tumia bamba la milimita 25 kuwa msingi, lenye upana wa kutosha kulala juu ya chaneli zote mbili za meza ya presi. Reli ni vipande viwili vya chuma cha mraba kisicho na tundu, milimita 50 kwa 50. Kimo hicho kinatosha kwa uwazi usiozidi milimita 100. Ukingo wa juu wa ndani wa kila reli uusage kwa grenda hadi uwe na mviringo wa nusukipenyo ya milimita 8 hivi, kisha uulainishe kwa msasa, kwa sababu ukingo mkali hulikwaruza bamba na kulizuia lisiteleze.

Jambo linalosahaulika hapa ni msukumo wa kando. Bamba linapokaribia nyuzi 90, kila ubavu huisukuma reli kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia ile inayoisukuma kuelekea chini. Bolti zilizopitishwa kwenye matundu marefu hazitaishikilia reli: zitateleza, uwazi utapanuka katikati ya kazi, na pembe itakuharibikia. Chomelea vizuizi vinene pembeni mwa msingi, umbali wa kutosha uwazi mkubwa kuliko wote utakaouhitaji, kisha jaza nafasi iliyo kati ya kizuizi na reli kwa vipande vya chuma bapa. Kwa kubadilisha vipande hivyo, kitanda kimoja kinahudumia mabamba ya unene mbalimbali.

Hatua ya 3: Unda kisu

Kisu ni chuma bapa chenye unene wa milimita 20, kilichosimamishwa wima kikiwa na kimo cha milimita 100, na ncha yake imesagwa kuwa nusu duara. Kimo ni muhimu kuliko unene, kwa kuwa jeki husukuma katikati tu na kisu kifupi kitapinda ncha zake zikielekea juu.

Kisu changu cha kwanza nilikitengeneza kwa jani la springi ya lori, nikiamini kwamba chuma kigumu ndicho bora. Nilikichomelea kwenye bamba la juu linalokishikilia bila kukipasha moto kwanza wala kukiacha kipoe polepole. Katika bano la tatu kilikatika kandokando ya weldi kwa mlio kama wa risasi, na kipande kikapiga ukuta nyuma ya mahali ambapo msaidizi wangu alikuwa amesimama dakika chache kabla. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, na kikichomelewa ovyo huwa na ukavu wa kigae. Chuma laini cha kawaida kinatosha. Ncha ikichakaa, isage upya.

Kiongoze kisu kwa shafti mbili zinazoteleza ndani ya mabomba, na uweke springi za kukirudisha juu.

Hatua ya 4: Andaa bamba

Mstari wa mkunjo uukate mwelekeo ambao bamba lilivingirishwa kiwandani; mara nyingi mwelekeo huo huonekana kama michirizi hafifu juu ya uso wake. Mkunjo unaofuata michirizi hupasuka kwa urahisi zaidi. Kingo zilizokatwa kwa gesi huwa ngumu na zenye meno, kwa hiyo zisage hadi ziwe laini, hasa pale mkunjo utakapopita. Chora mstari kwa chaki upande wa ndani pekee. Alama ya senta panchi upande wa nje ndipo ufa utakapoanzia.

Hatua ya 5: Kunja kipande cha majaribio

Kata kutoka bamba lilelile ukanda wa upana wa milimita 30 na urefu wa milimita 200, ukunje katikati, kisha pima mbavu zote mbili kwa nje na ujumlishe. Kwa bamba la milimita 10 na uwazi wa milimita 80, jumla yangu huja karibu na 219. Ile 19 iliyozidi ndiyo utakayoitoa: bano la milimita 100 kwa 100 linakatwa kwa urefu wa milimita 181.

Hatua ya 6: Kunja

Liweke bamba katikati kabisa ya pistoni. Likiegemea upande mmoja, upande wa pili utabaki wazi zaidi. Simama kando ya fremu, si mbele yake, na uweke vidole mbali, kwa maana mbavu hupanda na zinaweza kuvibana dhidi ya kisu. Piga pampu polepole. Tumia kipimo cha bati ulichokikata kwa nyuzi 88: kikikaa sawasawa ndani ya kona, legeza jeki, subiri bamba lirudi, kisha lipime kwa skwea. Kuongeza nusu nyuzi ni kazi ya sekunde chache, lakini bano lililozidi itabidi uligeuze na kulifungua.

Mwisho, paka mafuta ya taa upande wa nje wa mkunjo, subiri kama dakika kumi, futa hadi pakauke, kisha pakaza unga wa chaki. Ukiona mstari uliolowa ukijitokeza kwenye chaki, bano hilo lina ufa. Lipeleke kwenye vyuma chakavu, na usilizibe kwa weldi.